Vipira Vyepesi na Upepo: Mhadhara juu ya Mtawanyiko na Hali za Maada



Katika elimu ya maumbile yako mambo ambayo binadamu aliyajua kwa akili kabla ya kuyaona kwa macho, na mojawapo, tena lililo kubwa kuliko mengi, ni habari ya mwendo wa chembe zilizofanya maada yote: kwamba maji yaliyotulia mtungini, chuma kilicholala ghalani, na hewa iliyojaa ukumbi huu, vyote hivyo havina ndani yake utulivu hata kidogo, bali vimejaa mtikisiko usiokoma. Wanafunzi wetu hulipokea jambo hili darasani, wakalihifadhi na kulijibia mtihani, nao hawajapata hata mara moja kulitazama. Usiku wa leo nakusudia kuwaeleza njia moja ya kulitazama, isiyohitaji hadubini wala mali nyingi, nayo ni kuviweka vipira vyepesi vya tenisi ya meza juu ya wavu, kisha kuvipuliza kwa upepo kutoka chini. Na dai langu, ambalo nitajitahidi kulithibitisha, ni kwamba kinachoitenga gesi na kioevu, na kioevu na yabisi, chaweza kuwa msongamano na mwendo peke yake, hata pale ambapo chembe zenyewe hazina mapenzi wala mvutano wowote baina yao.

Yafaa tuanze na harufu. Mwaka 1857 Rudolf Clausius, mwanachuoni wa Ujerumani, alieleza kwamba gesi ni kundi la molekuli ziendazo mbio kila upande, na kwamba mwendo wake, ukipigiwa hesabu, ni wa mamia ya mita kwa sekunde. Buys Ballot wa Uholanzi, mtu mashuhuri katika elimu ya pepo, akamkabili kwa swali ambalo yeyote aliyewahi kufukiza udi chumbani angeweza kuliuliza: ikiwa molekuli zina kasi hiyo, mbona moshi huning'inia hewani kwa kitambo, na harufu huchelewa kufika upande wa pili wa nyumba? Jawabu la Clausius, lililotoka mwaka 1858, ni miongoni mwa majawabu mazuri kabisa katika tarikhi ya sayansi. Alisema kwamba kila molekuli huenda kasi kweli, lakini haifiki mbali ila hugongana na mwenzake ikageuzwa njia, kisha hugongana tena ikageuzwa tena, hata safari yake yote ikawa ni kupinda na kurudi nyuma. Katika hewa tuivutayo umbali baina ya mgongano mmoja na wa pili haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwendo wa namna hii, wa haraka katika kila hatua na wa polepole katika jumla yake, ndio tuuitao mtawanyiko.

Miaka thelathini kabla ya hapo, yaani mwaka 1827, Robert Brown, bingwa wa mimea kutoka Uskochi, alikuwa amekwisha kuona kwa hadubini vijipande vilivyotoka katika chembe za chavua vikitikisika majini bila ya kusukumwa na kitu kinachoonekana. Mtu wa haraka angesema kwamba ni uhai huo, chavua ikiwa ni mbegu ya kiume ya ua. Lakini Brown hakuwa mtu wa haraka. Alijaribu vumbi la mawe na la madini, na hata unga wa kipande kilichotoka katika sanamu ya Sphinx ya Misri, na vyote vikatikisika vivyo hivyo. Maana ya mtikisiko huo haikupatikana hata mwaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwamba molekuli za maji, kwa kuipiga chembe kila upande kwa mapigo yasiyolingana, huisukuma huku na huko, na kwamba umbali wake kutoka mahali ilipoanzia hukua kwa kipeuo cha pili cha wakati. Ukitaka chembe ifike mbali mara mbili, uingoje mara nne. Ukitaka mara kumi, uingoje mara mia. Aliandika hata kiasi chenyewe: chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita, ikiwa katika maji, itasogea kwa wastani sehemu sita za elfu ya milimita katika muda wa dakika moja. Jean Perrin wa Ufaransa akazipima chembe za utomvu wa mti kwa subira isiyo na kifani, akaona hesabu imesadiki, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1926. Na tangu vipimo vyake, wale waliokuwa wakishuku kuwako kwa atomu hawakuwa tena na pa kusimama.

Sasa tuje kwenye vipira vyetu. Kipira cha tenisi ya meza, tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2000, kina upana wa milimita 40 na uzito wa gramu 2.7, ndani ni kitupu, na kwa sababu hiyo hewa ina nguvu nyingi juu yake. Kikiangushwa kutoka juu sana, mwendo wake huongezeka mpaka ukinzani wa hewa ulingane na uzito wake, nao hulingana kwenye kasi ya mita tisa hivi kwa sekunde. Basi upepo upandao kwa kasi hiyo utakifanya kielee hewani, na upepo ulio chini yake, tuseme mita tatu kwa sekunde, utakipunguzia uzito tu pasipo kukiinua, kikabaki kimegusa wavu, chepesi na tayari kubingirika kwa msukumo mdogo kabisa.

Lakini upepo unapanda wima, na kipira kinakwenda ubavuni. Msukumo huo wa ubavuni unatoka wapi? Unatoka katika mkia wa hewa unaobaki juu ya kipira baada ya upepo kukipita, kwani hewa ipitayo kando ya kitu cha mviringo kwa kasi ya kutosha haiwezi kuungana tena taratibu upande wa pili; hujikunja ikafanya mizunguko, mzunguko mmoja ukamenyuka upande huu na mwingine upande ule, na kila mmoja ukitoka huacha teke dogo nyuma yake. Vincenc Strouhal aliichunguza habari hii mwaka 1878 katika nyaya ziliazo kwa upepo, na mabaharia wetu huisikia kila siku ya kusi kali, kamba za jahazi zinapoanza kuvuma, kwa kuwa sauti ile ni mizunguko hiyo hiyo ikitoka kwa mpango mamia ya mara kwa sekunde. Katika kipira cha milimita 40 na upepo wa mita tatu kwa sekunde, hesabu yatoa mizunguko kumi na mitano hivi kwa sekunde, ila mpango wake umevurugika, kwa sababu mkia wa tufe ni mchafuko wa pande zote, na teke la sasa halitabiri upande wa teke litakalofuata ila kwa muda mfupi sana. Hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo sitaki lipite: chembe ya Brown ilitikiswa na molekuli za maji ambazo zingetikisika hata kama chembe isingekuwapo, bali kipira hiki chenyewe ndicho kinachoyazaa mateke yanayokitikisa, maana pasipo kipira hapana mkia.

Kwa kuwa asili za mitikisiko miwili hii ni mbali hivyo, hapakuwa na sababu ya kutazamia kwamba sheria zao zitafanana. Ndipo mwaka 2004 jarida la Nature lilipochapisha kazi ya Ojha, Durian na wenzao watatu, iliyofanywa huko California, ambao walikiweka kipira kimoja juu ya wavu wa mviringo, wakakipuliza, wakakipiga picha kwa muda mrefu, wakapima kasi yake na nafasi yake kila wakati. Walichokikuta ni kwamba kipira kile kilifuata mlinganyo ambao Paul Langevin wa Ufaransa aliuandika mwaka 1908 kwa ajili ya chembe za Brown: nguvu moja ya kubahatisha inayokisukuma, na nguvu nyingine ya ukinzani inayokizuia, na baina ya hizo mbili uhusiano uleule ambao katika maji na gesi ni halijoto ndiyo inayouamua. Kwa maneno mengine, kipira kilikuwa na halijoto yake, na halijoto hiyo ilikuwa ni kipimo cha kweli, chenye kutabiri mambo, wala haikuwa jina lililobandikwa tu kwa kufananisha.

Tafadhalini tuipigie hesabu. Kipira cha gramu 2.7 kikibingirika kwa kasi ya sentimita kumi kwa sekunde, ambayo ni kasi ya unyenyekevu kabisa, na nishati yake ya mwendo ikigawanywa kwa kanuni ileile tuitumiayo kwa molekuli za gesi, halijoto itakayopatikana ni karibu digrii bilioni moja mara bilioni moja. Na bado mtoto akikishika hataungua. Plastiki ya kipira ina joto la chumba tu; iliyo na digrii zile ni safari ya kipira, yaani ule mwendo wake wa huku na huko uliotazamwa kama mwendo wa molekuli moja kubwa. Sijui mfano mwingine unaofundisha kwa uwazi zaidi ya huu kwamba joto ni mwendo usio na mpango, na kwamba ukiuliza juu ya halijoto huna budi kwanza kuuliza ni mwendo wa nani.

Mwenye kutazama kwa makini ataona pia kwamba safari ya kipira ina nyakati mbili. Katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla teke jipya halijakigeuza, kipira huenda moja kwa moja, na umbali wake hukua sawasawa na wakati; baada ya mateke mengi hukumbwa na sheria ya kipeuo cha pili, kikawa mtawanyikaji. Einstein alidhani kwamba wakati ule wa kwanza hautapimika katika chembe ndogo kwa ufupi wake, lakini kwa kipira cha tenisi ya meza unapimika kwa saa na picha. Ukubwa wa kitu umetupunguzia kasi ya maumbile, hata tukaweza kuyafuata.

Mpaka hapa nimezungumza habari ya kipira kimoja. Tuviongeze viwe kumi, hamsini, mia. Vikiwa vichache, kila kimoja huenda zake, hukutana na mwenzake kwa nadra, na kundi zima lina tabia ya gesi. Vikizidi, kila kimoja huanza kuwa na majirani, na japo majirani hubadilika, hakikosi kuwa nao. Hiyo ni tabia ya kioevu. Vikizidi zaidi, kipira hujikuta kimezungukwa na sita wasiotoka, nacho hutikisika mahali pamoja. Ukivitazama kutoka juu utaona safu zimejipanga kwa pembesita, kila safu ikiingia katika mapengo ya jirani yake, na hiyo ni fuwele, nayo ni yabisi. Hapana gundi iliyotiwa wala sumaku, wala upepo haukupunguzwa. Kilichobadilika ni idadi.

Wako waliokataa katakata kwamba jambo hili lawezekana. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba vitu havigandi ila kwa kuvutana, na dhana hiyo ni ya kawaida kwa akili, maana nani asiyefikiri kwamba wakaao pamoja wameshikwa na kitu? Mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright, wakitumia kompyuta za kwanza kule California, na Wood na Jacobson wakitumia za Los Alamos, walipiga hesabu ya tufe ngumu zisizovutana kabisa, zenye kugongana tu, wakaona kwamba zikisongamana vya kutosha huganda zenyewe. Katika mkutano wa wataalamu mwaka huo huo nchini Marekani, George Uhlenbeck aliwataka waliohudhuria wapige kura juu ya kuamini au kutoamini, na kura zikagawanyika karibu nusu kwa nusu. Leo hapana shaka iliyobaki. Tufe zikijaza asilimia 49 ya nafasi huanza kuganda, na zikifika asilimia 54.5 fuwele imetimia. Na mwaka 1986 Pusey na van Megen waliyaona hayo hayo kwa macho katika tufe ndogo za plastiki zilizoelea katika majimaji.

Sababu yake ni nzuri kiasi kwamba nitawaomba ruhusa ya kuileta kwa mfano. Tazameni uwanja wa msikiti siku ya Idi, watu wamejaa pomoni. Wakisimama ovyo, mmoja kaelekea huku na mwingine kule, punde hapana awezaye kuinama. Lakini wakipanga safu, watu wale wale katika uwanja ule ule, kila mmoja hupata nafasi yake ya kurukuu na kusujudu. Tufe ngumu ni hivyo hivyo: katika msongamano mkubwa, mpango wa jumla ndio unaompa kila mmoja uhuru mwingi zaidi wa kutikisika, na kwa kuwa mwendo wa kubahatisha huelekea daima kule kwenye namna nyingi zaidi za kukaa, huo ubahatishaji wenyewe ndio unaozaa safu. Nimesoma mambo mengi katika fizikia, na machache yamenitia furaha kama hili.

Juu ya wavu, hata hivyo, mambo si kama katika nafasi ya pande tatu, kwani vipira vyetu vinaishi katika uwanda. Visahani bapa vikifungwa karibu iwezekanavyo hufunika asilimia 90.7 ya eneo, lakini kuganda kwao huanza mapema, karibu na asilimia 70. Na kuganda kwenyewe kuna daraja mbili: kati ya kioevu na yabisi ipo hali ya tatu, ambamo pande za safu zinaelekea mamoja katika eneo kubwa ingawa mahali pa kila mmoja pamekwisha kupotea. Kosterlitz na Thouless walianzisha fikira hii katika miaka ya 1970, Halperin, Nelson na Young wakaikamilisha, na mwaka 2011 Bernard na Krauth walionyesha kwa kompyuta jinsi visahani vigumu vinavyozipita daraja zile.

Vipira vya upepo vinaongeza jambo lao. Mikia yao ya hewa hupapasana kabla vyenyewe havijagusana, ikasukumana. Kwa hiyo kila kipira kina duara la heshima kulizunguka, pana kuliko umbo lake, na vipira viwili haviwezi kukaribiana kwa urahisi kama tufe ngumu za hesabu. Mwaka 2021 wachunguzi wa Badajoz, nchini Hispania, walichapisha habari za kundi la vipira vya tenisi ya meza juu ya wavu wa chuma, vikipulizwa kwa upepo wenye mchafuko na kufuatwa kwa kamera ya kasi, nao kwa kubadili idadi ya vipira na nguvu ya upepo waliziona hali mbalimbali, miongoni mwake gesi, kioevu, fuwele, na ile hali ya ukaidi iitwayo kioo.

Kioo kinastahili tukitulie kidogo. Katika fuwele kipira kimezuiwa na majirani waliojipanga. Katika kioo kimezuiwa na majirani wasiojipanga. Kwa picha moja tu huwezi kukitofautisha kioo na kioevu, kwa kuwa vyote viwili vimekaa ovyo. Tofauti huonekana katika wakati. Fuata kipira kimoja: mwanzo kitasogea, kisha kitagota ukutani mwa ngome ya wenzake, na kwa muda mrefu umbali wake hautazidi; ikiwa ni kioevu, ngome hiyo itapasuka na kipira kitatoka, na ikiwa ni kioo, utangoja na kungoja. Je, kioo ni hali ya maada iliyo timamu, au ni kioevu kilichochelewa kupita kiasi? Wataalamu wa leo wangali wanajadiliana, na swali hili linakihusu kioo cha dirisha kama linavyovihusu vipira.

Sharti niseme pia pale ulinganifu unapokoma, maana mwalimu asiyesema hilo huwapotosha wanafunzi wake. Molekuli za hewa haziombi nishati kwa mtu. Zikifungiwa katika chombo kisichopitisha joto zitagongana daima. Vipira, kinyume chake, kila vikigongana hupoteza sehemu ya mwendo kwa msuguano na kwa mlio, na feni hulipa hasara hiyo kila sekunde. Ukiizima, ulimwengu wote wa gesi na kioevu na fuwele husimama mara moja. Kwa hiyo halijoto yao ni ya kukopa, wala hapana sheria inayoilazimisha iwe sawa kwa vipira vya ukubwa mbalimbali, kama inavyolazimika katika gesi iliyotulia. Ni ajabu hasa kwamba, pamoja na kukosa lazima hiyo, vipira vinaitii hesabu ya Langevin kwa kiasi hiki, na sababu kamili ya utiifu huo ingali yatafutwa.

Na kwa kuwa wamo humu walimu wa sekondari, nitawaambia yanayohitajika. Pateni feni iliyolazwa ikapuliza juu ndani ya sanduku la mbao lisilovuja. Juu ya feni pangeni mirija ya kunywea soda, mingi, imesimama wima bega kwa bega, ili inyooshe upepo uliopindwa na mapanga. Juu ya mirija wekeni wavu wa chuma uliokazwa vizuri, mkauzungushia ukingo wa karatasi ngumu. Tieni kipira kimoja, mkakitia alama ya wino. Simu ya mkononi iliyofungwa juu kabisa itapiga picha thelathini kwa sekunde, na mwanafunzi aandike mahali pa kipira katika kila picha, atafute umbali wake kutoka kilipoanzia, auzidishe umbali kwa wenyewe, apate wastani wa safari nyingi, kisha achore mchoro wa wastani huo dhidi ya wakati. Mwanzo mstari utapinda kwenda juu, halafu utanyooka. Na kipira kikianza kuhisi ukingo, utalala. Kisha aongeze vipira vitano vitano, achore upya kila mara, na aangalie ni katika idadi gani mstari unaanza kulala mapema, kabla kipira hakijaukaribia ukingo, na ikiwa idadi hiyo inabaki ile ile baada ya kuongeza nguvu ya feni.